Tela, kiti, tandemu au baiskeli yake mwenyewe: mtoto asafiri na nini?

Mzazi anayepanga safari ya baiskeli ya wiki moja au mbili pamoja na mtoto mdogo huanza kwa kujiuliza kama ataweza kumvuta. Ataweza. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, akiwa na gia nyepesi na njia tambarare, huvuta kilo 40 huku akiendelea kuongea. Jambo la kufikiriwa kwa makini zaidi ni mtoto atakuwa anafanya nini muda wote huo. Wewe unayekanyaga pedeli una upepo usoni, mwili unaochangamka na raha ya kuona kilomita zikipungua. Mtoto wa miaka mitatu hajui kilomita ni nini. Ameketi, amefungwa mkanda, na furaha yake yote inategemea chombo ulichomchagulia na jinsi ulivyoipanga siku.

Kwa hiyo nitavilinganisha vyombo kwa upande wa mtoto: atalalaje, ataongea na nani, ataona nini, miguu yake itapata kazi gani. Uzito na bei vitafuata.

Ili tuwe na mfano mmoja mkononi, tuchukue njia ya kando ya mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Ni takriban kilomita 320, kipande cha njia ndefu ya EuroVelo 6 inayotoka pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi Bahari Nyeusi. Familia nyingi za Ulaya huanzia hapa, na zina sababu: sehemu kubwa ya njia haina magari, mto unashuka kuelekea mashariki na njia inashuka nao polepole, na mara nyingi upepo hutoka magharibi, yaani unausikia mgongoni. Mswahili anayeishi Munich au Vienna anafika mwanzo wa njia kwa treni. Kwa mtoto wa kwanza na safari ya kwanza, sijui mahali pazuri zaidi ya hapo.

Vyombo vyenyewe

Kiti cha nyuma kila mtu anakijua. Hufungwa kwenye fremu au juu ya karia, na vingi vinavyouzwa Ulaya vimepimwa kwa mtoto asiyezidi kilo 22. Tela ni kibanda cha kitambaa juu ya fremu ya alumini, magurudumu mawili, mtoto mmoja au wawili ndani, na mkono wa kuvutia wa tela hufungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma la baiskeli yako.

Halafu kuna kundi ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka waone barabarani. La kwanza ni baiskeli nusu: fremu ndogo yenye gurudumu moja, usukani na pedeli, inayofungwa kwenye bomba la kiti chako. Ya pili ni kiunganishi, mfano FollowMe Tandem kutoka Uswisi, ambacho huinua gurudumu la mbele la baiskeli ya kawaida ya mtoto na kuifunga nyuma ya baiskeli yako kwenye ekseli. Mtoto anabaki juu ya baiskeli yake, ila wewe ndiye unayeongoza.

Tandemu ni baiskeli ya watu wawili. Kwa mtoto, tandemu inayonivutia kuliko zote ni ya umbo la Hase Pino ya Ujerumani: anayekaa mbele ameegemea kiti chenye mgongo, miguu mbele, na mzazi anaendesha akiwa nyuma yake. Na mwisho, baiskeli yake mwenyewe.

Usingizi

Hapa ndipo safari nyingi zenye mtoto wa chini ya miaka minne huharibikia au kufanikiwa. Mtoto wa umri huo bado analala mchana, na akikosa usingizi huo jioni yote ya kambini itakuwa kilio.

Tela halina mshindani. Mtoto analala akiwa amefunikwa, jua halimpigi, mvua haimfikii, na likiwa na springi hata njia ya kokoto haimwamshi. Mzazi mwenye tela hupanga kilomita zake ndefu katika saa hiyo: mmekula mchana, mtoto ameshiba na amechoka kukimbia, unashusha pazia, unaondoka, na kilomita 15 au zaidi zinapita kimya. Siku nzima hujengwa kuzunguka saa hiyo moja. Kabla ya kununua au kukodi, mwingize mtoto akiwa amevaa kofia yake ngumu. Kama mgongo wa kiti hauna nafasi nyuma ya kichwa, kofia itamsukuma kidevu mpaka kifuani, na huko si kulala tena, ni kuteseka.

Kwenye kiti cha nyuma usingizi ni taabu. Kichwa kinaangukia mbele au pembeni, uzito wa kofia unakivuta zaidi, na kila shimo dogo linakitikisa. Viti vingine hulazwa nyuma kidogo, na hilo husaidia kidogo vilevile. Dakika chache za namna hiyo zinavumilika. Akilala kabisa, simama, mtandikie kanga chini ya mti umwache alale.

Baiskeli nusu na kiunganishi havina mahali pa kulala kabisa, na hatari yake ni kwamba mtoto hushikwa na usingizi taratibu bila wewe kuona, kwa kuwa yuko nyuma yako. Ukiona amenyamaza, zungumza naye. Kama hajibu kwa uchangamfu, shuka. Kwenye Pino mtoto ana mkanda na mgongo wa kuegemea, na yuko mbele ya macho yako, kwa hiyo akisinzia unamwona na haanguki.

Neno moja kuhusu joto. Tela lililofungwa pazia la plastiki katikati ya Julai huwa kama gari lililoachwa juani. Acha chandarua tu, weka kitambaa cha kivuli upande wa jua, na ingiza mkono ndani kila mara kuhisi hewa. Baridi nayo huja kwa njia ya kujificha: wewe unatokwa jasho, mtoto amekaa bila kujitikisa asubuhi yenye ukungu wa mto, na hatakuambia kwamba vidole vyake vimekufa ganzi. Mvishe nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, na uguse shingo yake, si mikono.

Mazungumzo na macho

Hapa tela linaanguka. Mtoto yuko chini, nyuma, mbali, na anachokiona mbele ni gurudumu lako na mifuko ya pembeni. Akiita, upepo unachukua sauti. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye mdoli na chupa ya maji, hiyo si adhabu, maana dunia inapita pembeni kama picha. Kwa mtoto wa miaka minne mwenye maswali mia, ni upweke. Nimewaona watoto wa umri huo wakianza kugoma kuingia ndani siku ya tatu, na wazazi wakidhani mtoto hapendi baiskeli. Anaipenda. Asichokipenda ni kufungiwa. Wakiwa wawili humo ndani hali hubadilika: wanaimba, wanagombana, wanapatana, na mzazi anasikia kelele tu kwa mbali.

Kiti cha nyuma kinamweka karibu. Hamtazamani, na mbele yake kuna mgongo wako, lakini anasikia kila unachosema na wewe unasikia kila anachouliza. Vitendawili, hadithi, nyimbo, kuhesabu meli, vyote vinawezekana. Ndiyo maana sikidharau kiti hiki, licha ya matatizo yake ya usingizi. Kwenye kiunganishi na baiskeli nusu mazungumzo yapo pia, ila unapaza sauti kidogo.

Pino inawashinda wote. Mtoto yuko mbele, kichwa chake chini kidogo ya kidevu chako, na kila kitu anakiona yeye kwanza: bata, kivuko, mbwa, aiskrimu. Yeye ndiye anayekutangazia safari. Mtoto anayetangaza hachoki upesi, kwa sababu ana kazi.

Miguu

Kuanzia miaka minne hivi, mtoto anataka kufanya mwenyewe. Unaweza kulipinga hilo kwa siku moja, si kwa siku kumi. Hapo kiunganishi kinaonyesha thamani yake. Kwenye kipande salama, kwa mfano njia ya juu ya tuta la mto isiyo na magari, unamfungua na anaendesha mwenyewe kilomita mbili, tatu, tano, kadiri atakavyo. Mkifika mjini, au akichoka, unamfunga tena, na haoni kwamba ameshindwa, maana bado yuko juu ya baiskeli yake, mikono kwenye usukani wake. Akikanyaga pedeli utausikia msaada wake kwenye kilima. Akiacha, miguu inapumzika na safari haisimami. Kufunga na kufungua huchukua dakika chache ukishazoea.

Baiskeli nusu inampa kazi ya miguu lakini haimpi uhuru huo, kwa kuwa peke yake si baiskeli. Tena, kwa kuwa imeshikwa juu kwenye bomba la kiti chako, mtoto akiyumba na wewe unayumba. Kiunganishi kimeshikwa chini kwenye ekseli, kwa hiyo kinatulia zaidi, na juu ya karia bado unaweza kuweka kiti cha mdogo wake. Nikilazimika kuchagua kati ya hivi viwili, sisiti: kiunganishi.

Tandemu ya kawaida ina shida ambayo muuzaji huenda asikuambie. Pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa cheni, kwa hiyo miguu ya mtoto inazungushwa kwa mwendo wako, atake asitake, na ni lazima pedeli ziinuliwe na mikono ya pedeli ifupishwe ili azifikie. Kwenye Pino anayekaa mbele anaweza kuacha kukanyaga wakati wowote.

Kuhusu baiskeli yake mwenyewe, angalia uzito kabla ya rangi. Baiskeli ya bei rahisi ya dukani inaweza kukaribia nusu ya uzito wa mtoto anayeiendesha, na hakuna mtu mzima ambaye angekubali kusafiri hivyo. Siku hizi zipo nyepesi zilizotengenezwa kwa kipimo cha mtoto hasa. Mojawapo ni za kampuni ya woom, iliyoanza mwaka 2013 Vienna, mji ambako njia hii hii inaishia. Mtoto wa miaka mitano mwenye magurudumu ya inchi 16 anaweza kumaliza kilomita 15 hadi 20 kwa siku kwenye njia tambarare, kwa vituo vingi. Mwenye inchi 20, miaka saba au minane, hufika 30. Lakini hizo ni siku zake nzuri. Siku mbaya zipo, na usipokuwa na namna ya kumvuta mtakwama kilomita nane kabla ya kambi. Beba angalau kamba ya kuvutia yenye mpira.

Njia, mizigo, sheria, pesa

Tela lina buti, na hilo si jambo dogo: nepi, hema, nguo za mvua, vyote vinaingia nyuma ya mtoto. Lakini ni pana. Kwenye nguzo zinazozuia magari kuingia njia ya baiskeli utapunguza mwendo na kupima, na kwenye mteremko uzito wake unakusukuma, kwa hiyo breki za baiskeli ziwe nzuri kweli. Madigadi ya nyuma yawe na ulimi mrefu, la sivyo maji na kokoto za tairi lako zinamwendea mtoto usoni. Kwenye treni hufungua magurudumu ukalikunja. Tandemu ndiyo mzigo wa stesheni: ndefu, haiingii lifti nyingi, na baadhi ya treni hazina nafasi yake, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu kiti cha nyuma nasisitiza jambo moja: usimwache mtoto amekaa humo baiskeli ikiwa imesimama kwa stendi, hata kwa sekunde za kufunga kamba ya kiatu. Akijigeuza, inaanguka naye kutoka juu.

Ujerumani inaruhusu mtoto kubebwa kwenye kiti au tela mpaka atimize miaka 7, na anayeendesha awe na umri wa miaka 16 au zaidi. Austria, tangu 2011, kofia ngumu ni lazima kwa kila mtoto wa chini ya miaka 12, hata aliye ndani ya tela. Ukivuka mpaka baada ya Passau kofia iwe kichwani.

Bei zinatofautiana sana. Kiti ni rahisi kuliko vyote. Kiunganishi na baiskeli nusu ni mamia ya yuro, tela zuri lenye springi hupanda zaidi ya hapo, na Pino ni maelfu. Vyote hupatikana vikiwa vimetumika, kwa kuwa watoto hukua, na tela lililotunzwa hupita familia mbili tatu bila tatizo. Kagua mikanda, mkono wa kuvutia na tairi.

Siku inayomfaa mtoto

Chombo kizuri kwenye siku mbaya hakitasaidia. Panga kilomita 25 hadi 35, si 60, hata kama miguu yako inawasha. Kwa mwendo huo, Passau hadi Vienna ni siku tisa hadi kumi na tatu za kuendesha, ukiongeza siku za kutulia mahali pamoja. Mwambie mtoto jina la kitu kinachofuata, si umbali. Njia hii inavyo vingi. Passau penyewe mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz, na maji yake yana rangi tofauti zinazoonekana kwa macho. Karibu na Schlögen mto unajikunja kabisa kuzunguka mlima, na mnavuka kwa kivuko kidogo kinachobeba watu na baiskeli; mtoto hasahau hicho kivuko. Kwenye mabwawa ya umeme kama Jochenstein na Ybbs-Persenbeug kuna milango ya maji ambamo meli huingia ikainuliwa au kushushwa polepole. Keti hapo. Toa chakula. Mpe muda wa kutazama meli nzima ikizama mpaka ibaki bendera. Wewe utaona nusu saa imepotea, yeye ataona ndiyo safari yenyewe.

Baada ya Melk mnaingia bonde la Wachau, ambako majira ya Julai aprikoti huuzwa kando ya njia, na juu ya Dürnstein kuna magofu ya ngome alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa 1192. Mtoto wa miaka sita atapanda huko kwa miguu yake na atauliza maswali mpaka Krems.

Kila mji mdogo una uwanja wa michezo wa watoto. Simameni kabla hajaomba, maana akishaomba kwa kulia mmechelewa. Na mpe kazi za kweli: kupiga kengele kwenye kona, kuchagua mahali pa hema, kushika pampu mkipata pancha.

Kwetu Afrika Mashariki

Watoto wetu wamebebwa kwenye karia na kwenye bomba la juu la fremu vizazi na vizazi, mara nyingi miguu ikining'inia karibu na spoku, na miguu mingi imeumia hivyo. Kiti chenye kinga ya miguu kingeokoa mengi kwa gharama ndogo. Tela, kwa upande mwingine, sitalipeleka kwenye barabara kuu yenye malori na mabasi na isiyo na nafasi pembeni, kwa kuwa liko chini na ni pana, na dereva wa lori hatarajii kuliona. Mahali pa kuanzia ni nje ya barabara kuu: msitu wa Karura jijini Nairobi, au Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huendesha baiskeli wakiona pundamilia pembeni. Ondokeni alfajiri, mkae kivulini kabla jua halijawa kali. Kwa safari ya siku moja ya namna hiyo, kiti cha nyuma au kiunganishi kinatosha.

Mimi ningechagua hivi

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: tela, bila kusita, na vipindi vifupi nje yake. Mtoto asiyeweza bado kukaa na kushika kichwa chake imara, subiri.

Miaka mitatu hadi minne na nusu ndiyo umri mgumu, kwa kuwa anahitaji kulala na anahitaji kufanya. Hapo ningechukua tela na kufunga baiskeli yake ndogo juu yake: asubuhi anaendesha kidogo, mchana analala ndani, jioni anaendesha tena kuingia kambini kama bingwa.

Miaka mitano hadi saba: kiunganishi na baiskeli yake nyepesi. Kwa wazazi wawili wenye watoto wawili, mmoja avute tela na mwingine kiunganishi, mkabadilishana kila siku ili kila mtoto apate zamu ya kuongea na kila mzazi. Mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja mchangamfu, anayependa kusema kuliko kukanyaga, na mwenye fedha au rafiki wa kumwazima: Pino.

Kiti cha nyuma nakiweka kwa safari za siku moja na kwa kusaidia, si kwa wiki mbili.

Usinunue chochote kabla ya jaribio. Kuna maduka ya kukodisha Passau na miji mingine ya njia hii yenye matela na vyombo vingine vya watoto, na mengine mengi katika miji mikubwa ya Ulaya. Kodi Jumamosi na Jumapili, nendeni kilomita 20 hadi mahali penye maji na uwanja wa michezo, mlale huko, mrudi. Asubuhi ya pili mwambie mtoto apande, kisha umtazame usoni kabla hujasema neno jingine. Akipanda mwenyewe, kata tiketi ya treni. Akikataa, badilisha chombo na ujaribu tena wikendi inayofuata.